Mdomo sungura kwa Waarabu: kati ya 0.3 na 2.19, takwimu ipi uishike?

Ukiuliza ni watoto wangapi wa Kiarabu huzaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa, utapewa majibu yanayopishana zaidi ya mara saba. Saudi Arabia peke yake inatosha kuonyesha hilo. Utafiti wa Riyadh uliochapishwa mwaka 1991 ulitoa 0.3 kwa kila vizazi hai 1,000. Wa jimbo la Qassim, wa mwaka 1993, ulitoa 2.19. Qassim na Riyadh zinatenganishwa na safari ya saa nne hivi kwa gari, na hakuna ukoo unaobadilika mara saba kwa mwendo huo. Kinachobadilika ni nani amehesabiwa, nani ameachwa, na idadi hiyo imegawanywa kwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua nchi, chagua aina ya hesabu. Anayepanga vyumba vya upasuaji Muscat, mwanafunzi wa udaktari wa meno anayeandika tasnifu, na mama mwenye mtoto mmoja aliyezaliwa na mpasuko na sasa ana mimba nyingine hawatumii takwimu moja, hata kama wote watatu wamekaa nyumba moja.

Kwanza tuelewane majina

Waswahili husema mdomo sungura au mdomo wa sungura, na Waarabu nao wamemwona mnyama yuleyule: *shafa arnabiyya*, mdomo wa sungura. Kliniki nyingi sasa zinapendelea kusema mpasuko, kwa Kiarabu *shafa mashquqa*, kwa sababu mtoto akianza shule jina la mnyama humfuata darasani. Unapotafuta tafiti za Kiarabu tafuta kwa majina yote mawili, kwa sababu tafiti za zamani ziko chini ya lile la kwanza.

Jambo zito zaidi ni kwamba jina hili moja limebeba hali tatu: mpasuko wa mdomo peke yake (ukiwa na ufizi au bila ufizi), mpasuko wa mdomo pamoja na kaakaa, na mpasuko wa kaakaa peke yake. Kwenye mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, toleo la 10, hizo ni Q36, Q37 na Q35. Mbili za kwanza ni ndugu. Ya tatu ina njia yake. Mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Mpasuko unaogusa mdomo huwapata zaidi wavulana, karibu wawili kwa msichana mmoja, na huwa zaidi upande wa kushoto. Ule wa kaakaa peke yake huwapata zaidi wasichana, na mara nyingi zaidi huja na kasoro nyingine za mwili.

Tofauti hii ndiyo inayoharibu ulinganisho mwingi. Mpasuko wa mdomo hauna anayeukosa, hata bibi aliyesimama mlangoni atauona. Mpasuko wa kaakaa laini unajificha nyuma ya ulimi, na ule uliofunikwa na ngozi nyembamba ya ndani unaweza kukaa miaka mpaka mtoto aanze kusema kwa sauti ya puani. Takwimu isiyosema imehesabu aina zipi haifai kulinganishwa na nyingine yoyote.

Vyanzo vinne, na kila kimoja kinavyokosea

Chanzo cha kwanza ni orodha ya wagonjwa wa upasuaji. Daktari anafungua mafaili ya miaka kumi, anahesabu wagonjwa, kisha anatafuta idadi ya vizazi ya kugawanya. Hapa kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Chukua mfano wa hesabu tu: mji una vizazi hai 40,000 na watoto 52 wenye mpasuko, yaani 1.3 kwa 1,000. Kliniki inawapokea 30 kati yao, wengine wamekwenda hospitali za jeshi, za binafsi au nje ya nchi, na wachache wamefariki mapema kwa kasoro za moyo. Ukigawanya 30 kwa vizazi vyote vya mji unapata 0.75. Lakini kliniki hiyohiyo imepokea pia watoto 25 kutoka mikoa ya mbali. Mtu akichukua wote 55 na kuwagawanya kwa vizazi 6,000 vya hospitali yenyewe anapata zaidi ya 9. Mji ni uleule, mafaili ni yaleyale, na majibu yamepishana mara kumi na mbili.

Orodha ya upasuaji ina ugonjwa mwingine: inapendelea wazito. Mtoto mwenye mpasuko wa pande zote mbili hufika hospitali kubwa. Mwenye kovu dogo la mdomo hushonwa karibu na nyumbani, au hashonwi. Uwiano wa aina tatu unaotoka kwenye orodha kama hiyo huonyesha mzigo wa kliniki husika, nao si uwiano wa wanaozaliwa. Utafiti wa Riyadh uliotoa 0.3 ulijengwa juu ya wagonjwa 179. Kwa kueleza sura ya wagonjwa ni kazi nzuri. Kwa kueleza kiwango cha kuzaliwa, hatungeuweka mbele.

Chanzo cha pili ni daftari la wodi ya wazazi. Faida yake ni kwamba juu na chini ya mstari vinatoka mahali pamoja: watoto waliozaliwa hapa, na kati yao wenye mpasuko. Tafiti nyingi za nchi za Kiarabu ziko hapa. Udhaifu wake wa kwanza ni kaakaa lililokosewa. Mkunga akipitisha kidole tu, mpasuko wa kaakaa laini unaponyoka. Inatakiwa tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi, na macho yafike mpaka kwenye kimeo. Udhaifu wa pili ni aina ya hospitali. Hospitali ya rufaa hupokea mimba ambazo ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 imeshaona kasoro, kwa hiyo kiwango chake hupanda. Kiwango cha hospitali ya wilaya inayowahamishia akina mama hao kwingine hushuka kwa sababu hiyohiyo. Palipo na wanaojifungulia nyumbani, hao hawamo kabisa.

Cha tatu ni rejesta ya nchi au ya eneo zima, ambapo mtoto anaandikwa kutoka kila hospitali na kufuatiliwa angalau mwaka mmoja. Hiki ndicho cha kushika kikipatikana. Ubora wake uko kwenye ufuatiliaji: mpasuko wa kaakaa uliogunduliwa mtoto akiwa na miezi minne unaongezwa kwenye hesabu ya mwaka aliozaliwa. Kwa nchi za Ghuba, uliza swali moja zaidi: je, ni wananchi tu au wakazi wote? Kuwait, Qatar na Falme za Kiarabu wageni ni wengi kuliko wenyeji, na watoto wa Kihindi, Kipakistani na Kifilipino huzaliwa katika hospitali zilezile. Takwimu ya hospitali ya Dubai si lazima iwe takwimu ya Waarabu.

Cha nne ni mapitio yanayokusanya tafiti nyingi. Mapitio ya mwaka 2012 kuhusu Saudi Arabia na nchi jirani zake yalikuta wigo wa 0.3 hadi 2.19 kwa vizazi hai 1,000. Wengi huchukua namba mbili hizo, wanazijumlisha, wanagawanya kwa mbili, na kuandika 1.2 kama kiwango cha Waarabu. Hilo ni kosa. Katikati ya hesabu mbili zilizokusanywa kwa njia tofauti hakuna ukweli uliojificha. Mapitio yanakufaa kujua tafiti zipi zipo na kila mmoja ulihesabuje, kisha urudi kuusoma ule unaofanana na swali lako.

Kuna namba moja ya kuiepuka kabisa kwa kazi hii. Ripoti ya mwaka 2006 ya shirika la Marekani la March of Dimes iliweka Sudan kwenye 82.0 na Saudi Arabia kwenye 81.3 kwa vizazi 1,000, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Hayo ni makadirio ya kasoro zote kubwa za kuzaliwa zenye asili ya kurithi, nzima au sehemu, magonjwa ya damu yakiwemo. Humkuta mtu ameinukuu kwenye habari ya mdomo sungura, na msomaji anabaki akidhani mtoto mmoja kati ya kumi na wawili ana mpasuko.

Nchi kwa nchi

| Mahali | Mwaka wa kuchapishwa | Kwa vizazi hai 1,000 | Yaani mtoto 1 kati ya |
|---|---|---|---|
| Riyadh, Saudi Arabia | 1991 | 0.3 | 3,333 |
| Sudan (hospitali) | 2005 | 0.9 | 1,111 |
| Jordan | 2004 | 1.39 | 719 |
| Oman | 2001 | 1.5 | 667 |
| Qassim, Saudi Arabia | 1993 | 2.19 | 457 |

Weka kando ya hizo viwango vinavyotajwa kwa dunia: wastani ni kama mtoto 1 kati ya 700, Waasia na wenyeji wa asili wa Marekani kama 1 kati ya 500, wenye asili ya Ulaya kama 1 kati ya 1,000, wenye asili ya Afrika kama 1 kati ya 2,500. Jordan na Oman ziko karibu kabisa na wastani wa dunia. Anayetarajia kukuta Waarabu wako mbali juu ya wengine hatalikuta hilo hapa.

Sudan inastahili kutazamwa mara mbili. Iko chini ya Jordan na Oman lakini juu ya baadhi ya viwango vilivyowahi kuripotiwa Afrika, kama 0.37 ya Nigeria na 0.7 ya Malawi. Inavutia kusema kwamba ni kwa sababu Sudan ni Waarabu na Waafrika kwa pamoja, na huenda ukoo una sehemu yake. Ila kumbuka kwamba utafiti wa Nigeria ulichapishwa miaka zaidi ya ishirini kabla ya ule wa Sudan, na kote huko watoto wa kaakaa hukosewa. Kabla ya kuzungumza habari za damu, hakikisha mtoto ameangaliwa mdomoni.

Neno Waarabu lenyewe halina mpaka wa kibaolojia. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ina wanachama 22, kuanzia Mauritania hadi Oman, na ndani yake zimo Somalia, Djibouti na Komori. Oman nayo, katika wananchi wake, ina Wabaluchi na wale waliorudi kutoka Zanzibar na mwambao, ambao wengine bado wanaongea Kiswahili nyumbani. Kiwango cha 1.5 cha Oman ni cha watu hao wote kwa pamoja. Ukitaka kukitumia kwa ukoo wako, jua unakopa wastani wa watu mchanganyiko.

Namba mbili zinazoonekana kugombana

Huu ni mfano unaofaa kufanywa kwa kalamu. Mwaka 2011 kikundi cha kimataifa kilikusanya rejesta 54 za nchi 30 na kupata 9.92 kwa vizazi 10,000, yaani karibu 0.99 kwa 1,000. Jordan ni 1.39. Je, Jordan imezidi kwa asilimia 40?

Angalia kilichohesabiwa. Ile ya kimataifa ni mpasuko wa mdomo, wenye kaakaa au bila kaakaa. Kaakaa peke yake haimo. Ile ya Jordan ina zote tatu: mdomo peke yake asilimia 30, mdomo na kaakaa asilimia 48, kaakaa peke yake asilimia 22. Toa hizo 22 na 1.39 inakuwa 1.08. Sasa unalinganisha 1.08 na 0.99, na pengo la asilimia 40 limebaki asilimia 9, ambalo kwa utafiti wa nchi moja linaweza kuwa bahati tu.

Mtego mwingine wa namna hiyo ni sindromu, yaani kundi la kasoro zinazokuja pamoja kwa chanzo kimoja. Baadhi ya watafiti huwatoa watoto ambao mpasuko wao ni sehemu ya hali pana zaidi, wengine huwaacha. Kwa kawaida husemwa kwamba karibu asilimia 30 ya mipasuko inayogusa mdomo na karibu nusu ya ile ya kaakaa peke yake ina kasoro nyingine pamoja. Tuseme nchi ina watoto 100: 25 wa mdomo, 45 wa mdomo na kaakaa, 30 wa kaakaa. Ukiwaondoa wenye kasoro nyingine wanabaki 64. Kiwango kilichokuwa 1.4 kimekuwa 0.9, na hakuna aliyekosea hesabu. Kwa nchi za Kiarabu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu panapo ndoa nyingi za ndugu sindromu za kurithi kwa wazazi wote wawili huwa nyingi zaidi, na fungu linalotolewa huwa kubwa.

Waliozaliwa wafu nao husogeza hesabu. Mipasuko ni mingi zaidi kwao, hasa penye kasoro kubwa za kromosomu. Takwimu ya vizazi vyote, hai na wafu, itakuwa juu kuliko ya vizazi hai peke yake. Usiziweke kwenye mstari mmoja.

Ndoa za ndugu: kuzidisha mara moja tu

Hapa ndipo watu wanaposhika kalamu kwa hamaki. Ndoa za binamu ni za kawaida katika sehemu kubwa ya nchi za Kiarabu. Oman, utafiti wa mwaka 2000 ulikuta asilimia 56 ya ndoa ni za watu wenye undugu: asilimia 24 binamu wa kwanza, karibu 12 binamu wa pili, na 20 wa kabila moja. Saudi Arabia, utafiti wa 1995 ulikuta karibu asilimia 58. Mapitio ya tafiti kuhusu mipasuko isiyo na sindromu yalikuta kwamba undugu wa wazazi unaongeza uwezekano kwa mara 1.83, na wigo wa asilimia 95, yaani mipaka ambamo thamani halisi inaaminika kuwamo, ulikuwa 1.31 hadi 2.54.

Kosa linalofanywa ni kuchukua 1.5 ya Oman, kuizidisha kwa 1.83, na kumwambia bwana na bibi arusi ambao ni watoto wa ami kwamba wao ni 2.7. Lakini 1.5 tayari imewabeba waliooana ndugu, na ni zaidi ya nusu ya nchi. Ukizidisha tena unawahesabu mara mbili. Fanya hivi: chukua nusu ya ndoa ni za ndugu na nusu si za ndugu, na kiwango cha wasio ndugu kiite K. Wastani ni nusu ya K pamoja na nusu ya 1.83K, yaani 1.415K. Hiyo ni sawa na 1.5, basi K ni karibu 1.06. Wasio ndugu wako kwenye 1.1 kwa 1,000, na ndugu kwenye 1.9. Ni hesabu ya makadirio, maana 1.83 imetoka kwa wasio na sindromu na undugu wa mbali hauna nguvu ya ule wa karibu, lakini iko karibu zaidi na ukweli kuliko 2.7.

Lisome pia kwa upande wa pili. Hata kwa watoto wa ami, watoto 998 kati ya 1,000 huzaliwa bila mpasuko. Na vipimo vya kawaida vya kabla ya ndoa katika sehemu kubwa ya Ghuba havina habari na jambo hili: hulenga hasa magonjwa ya damu kama selimundu na thalasemia, pamoja na baadhi ya maambukizi. Cheti safi hakisemi chochote kuhusu mdomo na kaakaa.

Anayetaka kulinganisha miaka ya zamani na ya sasa aangalie unga pia. Oman ilianza kutia asidi ya foliki na madini ya chuma kwenye unga wa ngano mwaka 1996, mapema kuliko jirani zake wengi. Faida ya foliki kwa uti wa mgongo wa mtoto ni thabiti. Kwa mpasuko ushahidi ni dhaifu zaidi, kwa hiyo usimpe unga sifa ya kila namba iliyoshuka.

Basi uchague ipi?

*Anayepanga huduma.* Kwa Ghuba na Sham (Syria, Lebanon, Jordan na Palestina) tungeshika 1.0 hadi 1.5 kwa aina zote tatu kwa pamoja, na kuachana na ncha mbili za wigo. Hospitali yenye vizazi 8,000 kwa mwaka itegemee watoto 8 hadi 12. Ukipanga kwa 0.3 utawategemea wawili na kuzidiwa kabla mwezi wa nne haujaisha. Ukipanga kwa 2.19 utaajiri kwa ajili ya 17 ambao hawatafika. Ila wastani wa 10 hauji 10 kila mwaka: kwa bahati peke yake mwaka mmoja unaweza kuleta 4 na mwingine 17. Usifunge kliniki kwa sababu ya mwaka mkavu.

Kisha geuza watoto kuwa kazi. Ukitumia uwiano wa Jordan, kati ya 10 watatu ni wa mdomo tu, watano wa mdomo na kaakaa, wawili wa kaakaa tu. Hiyo ni midomo 8 ya kushona, kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6, na makaakaa 7, kati ya miezi 9 na 18. Operesheni 15 za kwanza kwa watoto 10, kabla hujahesabu matundu yanayofunguka tena kwenye kaakaa na kupandikiza mfupa wa ufizi kwenye umri wa miaka 8 hadi 11, kabla jino la chonge halijatoka. Kipimo cha zamani cha kumpeleka mtoto kushonwa mdomo bado kinatumika: wiki 10, kilo 4.5, hemoglobini gramu 10 kwa desilita ya damu. Wodi ya wazazi iwe na chupa laini za kuminywa kwa wale saba wenye kaakaa wazi, maana hawawezi kuvuta. Wa mdomo tu mara nyingi hunyonya ziwa bila shida kubwa mama akifunika mwanya kwa titi lenyewe.

*Mwanafunzi au mtafiti.* Tafuta kwanza rejesta, kisha daftari la wodi, na orodha ya upasuaji iwe ya mwisho. Mbele ya kila namba unayoiandika weka mambo haya: mahali na miaka, idadi ya watoto na ya vizazi, aina zipi, sindromu zimo au hazimo, hai tu au na wafu, wananchi au wakazi wote, na mtoto alifuatiliwa mpaka umri gani. Usiyoyakuta yaandike kwamba hayakutajwa. Kanzidata ya magonjwa ya kurithi ya Waarabu inayotunzwa Dubai na kituo cha utafiti wa jenomu za Waarabu itakusaidia kupata majina ya hali na nchi zilikoripotiwa, ingawa si mahali pa kuchukulia viwango.

Na pima ukubwa wa sampuli. Watoto 20 katika vizazi 20,000 ni 1.0 kwa 1,000, lakini wigo wa asilimia 95 ni takriban 0.6 hadi 1.5. Ndani ya wigo huo zimo Sudan, Jordan na Oman zote. Watoto 200 katika vizazi 200,000 wanakupa 1.0 ileile, na wigo umebana kuwa 0.87 hadi 1.15. Tasnifu inayosema mji fulani una mipasuko mingi kuliko jirani yake kwa kulinganisha watoto 20 na 26 haijasema kitu.

*Mzazi.* Kama hakuna mwenye mpasuko katika familia, viwango vya nchi vinakutosha na havina haja ya kukukosesha usingizi. Kama tayari una mtoto mmoja mwenye mpasuko wa mdomo, au wewe mwenyewe ulizaliwa nao, ziache namba zote za jedwali. Kwako uwezekano wa kujirudia ni kama 3 hadi 5 katika 100, yaani mara 20 hadi 33 ya kiwango cha Oman. Watoto wawili wakiwa nao, unakaribia 10 katika 100. Makadirio haya yamejengwa zaidi kwa familia za Ulaya, na panapo undugu wa wazazi daktari wa vinasaba huangalia ukoo mmoja mmoja.

Hapo ndipo sindromu inapobadilisha kila kitu. Daktari atazame mdomo wa chini wa mtoto na wa wazazi wote wawili: vishimo viwili vidogo karibu na katikati ni dalili ya sindromu ya Van der Woude, na mzazi mwenye gene hiyo humpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Ikiwa ni sindromu inayohitaji gene kutoka kwa baba na mama, wote wawili wakiwa wabebaji, ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa na kasoro ya moyo apimwe kama kipande cha kromosomu ya 22 kimepungua. Katika mimba inayofuata ultrasaundi ya kina ya wiki ya 18 hadi 22 huonyesha mpasuko wa mdomo mara nyingi, ila kaakaa peke yake hupita bila kuonekana, kwa hiyo picha safi haiondoi haja ya tochi siku ya kuzaliwa.

Maziwa yakitoka puani, mtoto akinyonya saa nzima bila kushiba, au kimeo kikiwa na ncha mbili, aangaliwe tena kwa tochi na kijiti hata kama kadi yake inasema kaakaa ni zima. Akikutwa na mpasuko mwezi wa tatu, aingizwe kwenye daftari la mwaka aliozaliwa na la hospitali alikozaliwa, wala si la kliniki iliyomgundua.